Mguu Chini ya Meza

Kuna wateja wanaovuta tumbo ndani wakipimwa. Nimewaona kwa miaka ishirini na sita, wanawake kwa wanaume, na wanaume ndio zaidi ingawa hawataki kusemwa. Tepu ikizungushwa kiunoni tu, mtu anaacha kupumua. Halafu siku ya kuchukua nguo kifungo hakifikii tundu lake, na mwenye tumbo anakuja juu, eti fundi kaharibu kitambaa. Mimi ndiye niliyekuwa nawasema. "Achia tumbo, baba," nilikuwa nawaambia. "Hapa hatupimi aibu, tunapima kiuno. Ukiidanganya tepu, atakayeumbuka ni wewe." Watu walicheka, lakini tumbo waliliachia.

Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloniuma.

Mume wangu alikuwa fundi cherehani. Mimi nilitia vifungo, nikapinda mapindo na kupiga pasi. Mtaani walimwita Nusu Inchi, kwanza kwa kimo chake, maana alikuwa mfupi kweli, na pili kwa sababu kila nguo aliyokata aliiongezea nusu inchi pembeni. Alisema watu hunenepa bila kuaga. Alikuwa na mikono ya kusifiwa, ila mdomo wake ulikuwa mzito. Mteja akimuuliza, "Fundi, itakuwa tayari Alhamisi?" alikuwa anatazama dari kana kwamba jibu limeandikwa huko. Kumbe ananisubiri mimi. Tulikaa upande mmoja wa meza ya kukatia, na chini ya meza mguu wangu wa kulia ulikuwa jirani na mguu wake wa kushoto. Nikimkanyaga kidogo, anasema, "Ndiyo, itakuwa tayari." Nisipomkanyaga, anasema, "Haitawezekana, ndugu yangu, tumezidiwa." Wateja walimsifu kuwa ni mtu anayefikiri kabla ya kusema. Mimi niliinamia vifungo vyangu nikiuma midomo nisicheke.

Hatukuwahi kuketi tukapanga jambo hilo. Lilianza mwaka wa kwanza wa ndoa, siku aliyotaka kumkubalia bwana harusi suti tatu kwa siku moja, nami nikaondoa mguu wangu kwa hasira. Alinyamaza, akakataa. Tangu hapo tukawa hivyo, na nakiri kwamba nilipenda. Nilipenda kuwa mimi ndiye ninayemjibia.

Alianza kukohoa baada ya kumaliza oda ya mapazia. Akasema ni vumbi la kitambaa, akakaa na kikohozi hicho siku tisa kwa ukaidi wake. Siku ya kumi asubuhi midomo yake ilikuwa ya rangi ya majivu na hakuweza kumaliza sentensi moja bila kutua. Hospitali wakasema ni homa ya mapafu, na kabla ya saa sita mchana alikuwa wodi ya wagonjwa mahututi, mpira umeingizwa kooni, mashine inampumulia, dawa imemlaza.

Wodi ile ina vitanda vinane. Ndugu wanaruhusiwa nusu saa asubuhi na nusu saa alasiri, mmoja kando ya kitanda na mwingine nyuma ya kioo, na kila anayeingia anavaa joho la kijani la kufungia mgongoni. Siku ya kwanza niliukagua mshono wa lile joho badala ya kumtazama mume wangu. Aliyelishona alikuwa na haraka. Nilikagua ule mshono mpaka nusu saa ikaisha, kwa sababu kumtazama nilishindwa.

Siku ya saba walimtoa mpira. Wifi yangu, dada yake mdogo, alinipigia simu akipiga vigelegele barabarani, na tukaenda mbio kama tunaofukuzwa. Tulimkuta macho yapo wazi na mikono yake inashona. Alivuta ukingo wa shuka, akaunyoosha kwa vidole viwili, akausukuma mbele chini ya sindano isiyokuwepo, na mguu wake wa kulia ukawa unapiga pedeli. Aliponiona alisema kwa ile sauti iliyokwaruzwa na mpira, "Mama, rudi Alhamisi. Mke wangu hajatia vifungo."

"Mke wako ndiye mimi, Fundi."

Akanitazama kwa adabu, ile adabu aliyowawekea wateja wasumbufu. "Basi utamkuta Alhamisi," akasema, akarudi kwenye shuka lake.

Wifi alicheka mpaka akashika ukuta, kisha kile kicheko kikageuka, nikamwona amejifunika uso kwa mikono yote miwili.

Muuguzi wa asubuhi alikuwa mwanamke mrefu, mtu mzima, mwenye tabia ya kujibu swali lako kabla hujalimaliza. Alinivuta pembeni. "Anaweweseka," akasema. "Usiogope, na pia usidharau. Ubongo ni kiungo kama viungo vingine, mama. Mtu akiumwa sana figo zinaweza kugoma, na ubongo nao unaweza kugoma. Ndiyo maana tunaupima kila asubuhi."

Nikaona kipimo chenyewe. Alishika mkono wa kulia wa mume wangu, akamwambia, "Mzee, nitasoma herufi kumi. Kila ukisikia A, nibane mkono. Herufi nyingine usibane." Akasoma taratibu. Mume wangu alibana herufi mbili za mwanzo, ambazo hazikuwa A, kisha akaacha kabisa. Akaulizwa kama jiwe huelea majini. Akatazama dari muda mrefu, akasema, "Inategemea kitambaa."

Muuguzi alitabasamu, akaandika. Mimi damu ilinichemka.

"Sista, huyu mtu aliacha shule darasa la tatu. Herufi zimemtesa maisha yake yote. Muulize kola. Muulize mkono wa koti unavyokatwa, uone kama atakosea."

"Simpimi shule, mama. Napima kama anaweza kusikiliza na kushika anachosikia. Hata asiyejua kusoma—"

"Naona unavyomwandikia sifuri."

Alinieleza tena, nadhani, na kwa upole. Lakini nilikuwa nimeshakasirika, na nikikasirika masikio yangu hufunga duka.

Siku ya tisa aliacha kushona. Mikono ilikuwa imelala juu ya shuka, mguu wa kulia umetulia, macho yanatazama mbali. Sikuitwa mama wala mteja. Nilifurahi, nikamwambia muuguzi, "Ametulia, Mungu mkubwa." Hakufurahi nami.

"Yule wa jana alikuwa ananichosha," akasema. "Huyu wa leo ananitia wasiwasi."

Daktari alipopita, nilikuwa bado navua joho. Alisimama kando ya kitanda na karatasi zake, akamweleza muuguzi bila kujua kuwa niko nyuma ya pazia, au pengine alijua. Alisema wagonjwa wa wodi ile ambao ubongo umegoma namna hii hufariki wengi kuliko wale ambao akili zao zimebaki wazi. Alisema kesho na keshokutwa akijibu vizuri, kwa kuwa kifua kinaendelea vyema, watamhamishia wodi ya kawaida. Asipojibu, wataanza upya kutafuta kinachomsumbua.

Nilisikia maneno yote. Nililoshika ni moja tu: akijibu anatoka, asipojibu anakufa. Lile la kutafuta kinachomsumbua lilipita kama mtu anayepita dirishani.

Kesho yake asubuhi nilisimama miguuni pake. Niliingiza mkono chini ya shuka nikashika mguu wake wa kushoto, na naapa nilikuwa nimeushika kwa sababu ulikuwa wa baridi. Wifi alikuwa nyuma ya kioo. Muuguzi alishika mkono wa mume wangu, akaanza.

Herufi ya kwanza haikuwa A. Ya pili ilikuwa A, na kabla sijajua ninachofanya, kidole changu gumba kilikuwa kimeuminya mguu. Nikaona mkono wake ukifumba juu ya mkono wa muuguzi.

Nisidanganye tena: nilifurahi. Mume wangu alikuwa hajui siku, hajui mahali, hajui jina langu, lakini mguu wangu alikuwa anaujua. Herufi zilizofuata nilizifanya kwa makusudi. A nikabana, nyingine nikatulia, na A moja niliiacha ipite, maana nilijua jibu lisilo na kosa hata moja hutiliwa shaka. Alipoulizwa kama moto unachoma, nilibana, akatikisa kichwa kukubali. Alipoulizwa kama jiwe huelea, niliondoa mkono kabisa. Akatazama dari. "Haitawezekana, ndugu yangu," akanong'ona.

"Hongera, mzee!" Muuguzi alimpigapiga begani. Nilimwona uso wake ulivyong'aa. Alikuwa amempenda mume wangu, yule mama, na alikuwa amechoka.

Koridoni wifi alinishika mkono. "Wifi, ulikuwa unamkanda mguu wa nini?"

"Una baridi."

"Baridi yenyewe inakuja kwenye A tu?"

Nikamwambia anyamaze. Wifi yangu si mtu wa kunyamazishwa. Siku ya harusi yangu alitoa hotuba mbili bila kuombwa hata moja. Lakini siku ile alinyamaza, kwa sababu na yeye alimtaka kaka yake atoke.

Siku iliyofuata nikarudia. Alihamishwa mchana huo huo, na mimi nikawa natembea kando ya machela kama mama wa bwana harusi.

Wodi ya kawaida ilikuwa na vitanda thelathini na nne na wauguzi wawili, lakini niliruhusiwa kukaa kutwa, na hilo kwangu lilikuwa pepo. Nilimwogesha. Nilimnyoa ndevu. Nilimsimulia habari za dukani, kwamba pazia la mwalimu limekuja kuchukuliwa, kwamba paka amezaa ndani ya kikapu cha vitambaa chakavu na sikuwa na moyo wa kumtoa. Alisinzia. Akiamka alitazama mbali, akasinzia tena. Uji aliuacha umtoke pembeni mwa mdomo nami nikaufuta.

"Kawaida yake ndivyo alivyo?" muuguzi wa pale aliniuliza akipita na kigari cha dawa.

"Ndiyo. Ni mtu wa maneno machache. Na kule alipimwa akili, ipo wazi, imeandikwa."

Alifungua faili akaangalia, akakuta kweli imeandikwa, akaendelea na kitanda kinachofuata. Angekuwa na sababu gani ya kutoamini?

Siku ya tatu ya wodi hiyo, asubuhi, nilimkuta amelowa jasho na ngozi ya mikono imekuwa na mabakabaka. Alikuwa anapumua kama aliyepanda ngazi. Nikapiga kelele. Walikuja wakakimbia naye, na nikiwa nyuma yao nilisikia neno moja likirudiwa: damu. Maambukizi yalikuwa yameingia kwenye damu, yamepitia kwenye mshipa aliowekewa dripu, na yalikuwa humo siku kadhaa.

Wakamrudisha wodi ya mahututi, kwenye kitanda kile kile, na muuguzi alikuwa yule yule. Alikuwa amesimama na faili mkononi, na daktari mbele yake.

"Siku tunamtoa, wewe ndiye uliyempima?" daktari aliuliza. Hakupaza sauti.

"Ni mimi. Siku zote mbili. Akili ilikuwa wazi."

"Maana kwa hali hii ya damu, sielewi ingekuwaje wazi. Una hakika ulipima, hukujaza tu?"

Muuguzi alikumbatia faili kifuani. Miaka mingapi amefanya kazi ile sijui, ila niliona kwamba hajawahi kuulizwa swali hilo. "Nilipima, daktari," akasema. Daktari akasema wazungumze baadaye, akaondoka.

Akamgeukia mume wangu, akashika mkono wake kama zamani. Miguu yangu ikanipeleka miguuni pa kitanda kwa mazoea. Nilipogundua nimesimama wapi nilirudi nyuma, nikarudi nyuma, mpaka mgongo ukagusa ukuta, na mikono nikaifunga kifuani.

"Mzee, kila ukisikia A, nibane mkono."

Alisoma herufi kumi. Mkono ulilala ndani ya mkono wake. Alisoma tena kwa sauti zaidi. Hakuna kitu.

"Sista," nikasema. "Zile siku mbili alikuwa hajibu yeye. Nilikuwa najibu mimi."

Nikamweleza kuhusu meza ya kukatia, na mguu, na Alhamisi za wateja. Nilieleza vibaya, nikirukaruka, na katikati nikajisikia nacheka, kicheko kibaya, kwa sababu nilipofika kwenye suti tatu za bwana harusi lilikuwa bado ni jambo la kuchekesha. Hakucheka. Aliushusha mkono wa mume wangu taratibu juu ya shuka.

"Mama," akasema, "ule haukuwa mtihani. Ilikuwa kama kupima homa. Ungeshika kipimajoto ukakiweka nje ya kwapa lake?"

Nilitazama shuka lilipofunika mguu wake wa kushoto.

"Kule kunyamaza kwake ndiyo ilikuwa dalili. Asingejibu, tungepima damu siku ile ile na kumwanzishia dawa."

"Angepona?"

Alilinyoosha shuka, kisha akalinyoosha tena. Kwa mara ya kwanza hakuwa na jibu lililotangulia swali.

"Sijui," akasema. "Labda. Na labda bado tungekuwa hapa. Sitakwambia uongo wa upande wowote."

Akatoka. Nilimwona nyuma ya kioo ameketi mezani, amefungua faili, anaandika. Aliandika muda mrefu. Sikumwuliza ameandika nini kunihusu, na hata leo sitaki kujua.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilifanya. Kwa wifi nilisema ni mapenzi, naye akakubali. Lakini mapenzi peke yake yangeniacha nisikilize alichosema daktari mpaka mwisho. Kulikuwa na kiburi pia. Nilikuwa nimemjibia mtu huyu miaka ishirini na sita na hajawahi kushonewa jibu baya. Nikaona hata hapo naweza.

Siku mbili zilizofuata dawa zilibadilishwa mara tatu. Figo zikaacha kufanya kazi. Mpira ulirudishwa kooni. Daktari alituita mimi na wifi kwenye chumba kidogo chenye viti vinne na boksi la karatasi laini, na nilipoliona lile boksi nilijua atakachosema. Alisema tumuage mchana huo, akiwa bado anasikia, kama anasikia.

Wifi aliingia kwanza. Kupitia kioo nilimwona amemwinamia akimsemesha kwa ukali, kidole juu, kama mtu anayegombana. Alitoka macho yamevimba. "Nimemwambia ndiye kaka mfupi kuliko kaka wote niliowahi kuwa nao," akasema. Alikuwa hana kaka mwingine.

Nikavaa joho. Muuguzi alinivutia kiti mwenyewe, akakiweka katikati ya kitanda, akavuta pazia, akatuacha.

Nimesema mume wangu alikuwa mfupi. Kutoka pale katikati, mkono wangu wa kulia ulishika mkono wake, na wa kushoto ungefika mguuni bila taabu. Lakini ule wa kushoto niliuweka mapajani mwangu. Jibu nililolitaka lilikuwa lake.

"Fundi," nikasema. "Mimi ndiye niliyevuta tumbo. Tepu ilikuwa sawa, niliidanganya mimi, na nguo imekubana wewe. Naomba unisamehe. Kama umenisamehe, nibane mkono."

Mashine ikasukuma hewa, ikaachia. Mkono wake ulikuwa wa moto na mzito. Kwenye kidole cha shahada alama za sindano zilikuwa bado zipo, vitundu vidogo vidogo vilivyoota sugu kwa miaka. Nilisubiri. Nilimpa muda wa kutazama dari.

"Umenisamehe?" nikamuuliza tena, polepole, kama muuguzi anavyosoma herufi zake.

Nilihesabu pumzi za mashine mpaka ishirini. Nikahesabu ishirini nyingine. Hakubana.

Ningeweza kuishia hapo. Lingekuwa jibu la kweli, la kwanza alilowahi kunipa bila mguu wangu, na ningeenda nalo nyumbani. Nilijaribu. Nilikaa vile mpaka muuguzi akasogea nje ya pazia, nikaona viatu vyake vimesimama chini, nikajua muda umekwisha.

"Umenisamehe, Fundi?" nikasema mara ya tatu, na mkono wangu wa kushoto ukaingia chini ya shuka, ukaukuta mguu pale ulipokuwa siku zote, nikaubana.

Akanibana mkono palepale, bila kuchelewa, kama alivyomkubalia kila mteja.